Kwenye Dungu Hamtazamani

Nikiwa mjini simkumbuki sana, na sitasema uongo ili nionekane mwema. Namkumbuka mwezi wa nne ukiingia, mpunga unapoanza kuweka maziwa, nami napanda ngazi ya dungu langu, nakaa, nageuza shingo upande wa kushoto. Pale, hatua mia mbili hivi, lilikuwepo dungu lake. Sasa nguzo mbili zimesimama na mbili zimelala. Hapo ndipo ninapoanza kumkumbuka, na nikianza siachi mpaka mavuno.

Jina lake silitaji. Hata yeye langu hakuwahi kulitaja. Mimi nilikuwa Jirani na yeye alikuwa Jirani, na kwa misimu zaidi ya thelathini kila mmoja alijua anayeitwa ni nani. Na mjini wala hatukuwa majirani. Yeye alikaa Kibaoni, mimi nakaa upande mwingine wa Ifakara, karibu na mashine yangu ya kukoboa. Tukikutana sokoni ilikuwa, "Umeamkaje?" "Salama." Basi, kila mtu na kikapu chake, kama watu waliowahi kupanda basi moja. Ujirani wetu ulianza ndege wanapokuja, ukaisha mpunga unapoingia kwenye magunia.

Asiyelima mpunga wa bonde hili aelewe hivi. Mashamba yetu yako mbali, ng'ambo ya mto. Mpunga ukianza kuzaa, unaiacha nyumba yako unahamia shambani, kwenye dungu, yaani kitanda cha miti kilichoinuliwa juu na kuezekwa nyasi. Kazi yako ni kuamia ndege: kupiga kelele, kuvuta kamba zenye makopo, kurusha udongo kwa kombeo, kuanzia kunapokucha mpaka jua lizame. Kwelea wakishuka kwa muda wa wewe kula ugali tu, umelima bure.

Na kazi hiyo ina adabu yake. Kwenye dungu hamtazamani. Macho yanakaa kwenye mpunga, hata kama mtu anakuambia mama yake amekufa. Mimi na Jirani tulizungumza mambo yote ya dunia kwa kupaza sauti, kila mmoja anaangalia shamba lake. Ndiyo maana nikiulizwa sura yake ilikuwaje nachelewa kujibu. Ukiniuliza sauti, nakujibu hapo hapo.

Sauti ile ilikuwa mali. Nimewahi kukaa benchi la nyuma yake kanisani, kwenye misa ya msiba, nikamsikia akiimba kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Nikajiuliza, huyu ndiye? Maana shambani alikuwa akifungua mdomo makopo yake hayana kazi. Wengine wanapiga kelele tupu. Yeye alikuwa anawasema ndege kama watu.

"Nyie mmealikwa na nani? Mwezi wa pili nilimwona nani kati yenu na jembe? Haya, wewe mwenye mdomo mwekundu, ulipalilia mstari upi? Ondoka! Na mkeo mchukue!"

Halafu anamalizia na ukelele wake, mrefu, unaoanzia chini tumboni na kupanda mpaka unakatika ghafla. Ndege walikuwa wanainuka mashamba mawili kwa mpigo, lake na langu. Miaka mingi nimevuna mpunga ulioamiwa na koo la mtu mwingine. Hilo sikuwahi kumwambia. Najivunia sana kwamba hakuna aliyenisaidia.

Alikuwa mchoyo wa chumvi. Samaki atakupa, kambale mzima, bila kuuliza. Chumvi atakunyima huku unaiona. Kiboko akija shambani jua linapozama anamsogelea na kigoda kichwani anamwambia, "Wewe mnene wewe, huoni aibu?" mpaka mnyama anaondoka. Lakini chura akiruka karibu na mguu wake anapanda ngazi ya dungu bila kushika, analia machozi ya kweli. Nikimcheka anasema, "Kiboko namwona anakuja. Chura habishi hodi."

Kuna mwaka ng'ombe wa mfugaji mmoja Msukuma aliingia kwenye mpunga wake, akala kipande cha ukubwa wa ukumbi. Wengine tungekimbilia kwa mwenyekiti. Yeye alimfunga yule ng'ombe kwenye nguzo ya dungu, akakinga sufuria akamkamua. Mwenyewe alipokuja akamkuta amekaa anakunywa.

"Mama, huyo ng'ombe wangu."

"Na huu mpunga wangu. Yeye kala, mimi nakunywa. Kaa chini, chukua kikombe, tumalize kesi."

Mzee yule alicheka mpaka akakaa kweli. Tangu mwaka ule kila msimu alimletea kibuyu cha maziwa.

Mimi nilimjua kwa neno lake moja hasa. Mume wangu aliponiacha akaenda kuishi na mwanamke wa Kidatu, nilimsimulia Jirani habari hiyo asubuhi nzima, kwa kelele, na naapa hata wavuvi wa mtoni walisikia. Nikalia. Alininyamazia mpaka nikachoka. Kisha akasema:

"Pole, Jirani. Sasa angalia ndege. Wako kona yako ya chini."

Nilimchukia. Nikaangalia, na kweli walikuwa kona ya chini, wametanda. Mwaka ule nilivuna kuliko miaka yote, na mavuno yale ndiyo yaliyozaa mashine. Watu wanasema nimejitengeneza mwenyewe, mwanamke wa darasa la pili. Ni kweli. Lakini kuna mtu aliniambia nifute macho nitazame kona ya chini.

Sasa nije kwenye ugonjwa.

Aliniambia kwa njia ile ile. Mwezi wa tano, jua limepanda, kila mtu na macho yake kwenye mpunga.

"Jirani! Nina uvimbe kwenye ziwa!"

"Tangu lini?"

"Tangu tunapanda!"

"Umekwenda hospitali?"

"Nitakwenda tukishavuna!"

"Sawa!"

Ndivyo nilivyomjibu. Mimi ninayesifika kwa kusema ukweli. Wala hapakuwa na aliyeona ajabu, kwa sababu huku kwetu ndivyo tunavyohesabu: kwanza mpunga, halafu mtu. Jino linangoja mavuno, tumbo linangoja mavuno. Na yeye alingoja, akavuna, akaanika, akapeta, ndipo akaenda. Wakamkata ziwa, wakamwekea dripu za kansa Dar es Salaam, akapona, tukashukuru. Baada ya misimu miwili ikarudi, safari hii kwenye mifupa. Dripu zikaanza upya, kila baada ya wiki tatu, basi la kwenda na basi la kurudi.

Msimu uliofuata hakuja shambani. Binti yake alimweka kibarua aliyekaa juu ya dungu anatazama simu. Ndege walikula. Mimi nilikaa miezi ile nikigeuza shingo kushoto kila ninapokuwa na neno la kusema, na neno linarudi mdomoni.

Huyo binti yake ni mwalimu wa shule ya msingi, mtoto mwenye adabu. Msimu mwingine ulipokaribia akanifuata mashineni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sogea huku, mashine inapiga kelele. Kuna nini?"

"Mama anataka kuacha dripu."

"Kuacha au kupumzika?"

"Yeye anasema kupumzika. Mimi nasikia kuacha."

"Daktari kasemaje?"

"Kasema mwili umechoka, anaweza kumpa mwezi mmoja na siku kidogo. Lakini kasema ugonjwa wenyewe haupumziki. Kamwambia mama uamuzi ni wako." Akafuta macho kwa kiganja. "Wewe anakusikia, mama. Mwambie aendelee. Tafadhali."

Nikamwambia nitamwambia. Kumweleza mtu ukweli hakujawahi kunishinda.

Nilikwenda Kibaoni, nyumbani kwake, mara ya kwanza kuingia ndani mle. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kitambaa kichwani, midomo imepasuka. Nikapewa kiti mbele yake, ana kwa ana. Basi tukakwama. Misimu yote ile ya maneno, halafu tumekaa kama wakwe.

"Mvua ipo huko kwenu?"

"Ipo."

"Haya."

Tukaangalia miguu yetu. Kisha akasimama, akaburuta kiti chake akakigeuza kuelekea uani, palipokuwa na turubai la mpunga unakauka juani.

"Geuza na wewe," akasema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, ndogo, siyo yake.

Nikageuza. Tukakaa bega kwa bega, macho kwenye mpunga. Kuku akaja. Nikamfukuza. Hapo maneno yakaja yenyewe.

"Binti kakutuma."

"Kanituma."

"Haya, sema."

"Endelea na dripu."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Akacheka, akashika mdomo kwa maumivu. "Jirani, unaukumbuka mwaka ule uliopiga dawa ya magugu mara mbili?"

"Naukumbuka."

"Nilikuambia ngoja kwanza mpunga upate nguvu. Ukasema wewe huna muda wa kungoja. Ikawaje?"

"Uliungua."

"Magugu yaliungua na mpunga ukaungua. Dawa haichagui."

"Na mimi nikukumbushe. Mwaka uliokwenda harusini wiki mbili ukaacha palizi. Ndago ilifika wapi?"

"Magotini."

"Basi."

"Basi yote mawili nayajua," akasema. "Sijakuambia sijui. Daktari kasema hawezi kuung'oa, anauzuia. Namshukuru. Lakini anauzuia ili mimi nifanye nini? Siku kumi nimelala. Siku kumi najifunza kutembea. Halafu basi la Dar. Chakula kina ladha ya misumari. Sauti sina. Nataka mwezi mmoja, Jirani. Nikae kwenye dungu langu, nile pepeta ya mpunga wangu, nimtukane ndege japo mmoja. Nikirudi kwenye sindano, arudi mtu."

Hapo ndipo nilipotakiwa kumtetea binti. Maneno nilikuwa nayo. Lakini nilikuwa na shingo pia, shingo iliyochoka kugeukia dungu lisilo na mtu. Nikasema:

"Nyasi za dungu lako zimeoza. Nitaezeka upya."

Hakunitazama. Aliingia ndani akatoka na kadi ya kliniki, tarehe ya kurudi imeandikwa kwa kalamu nyekundu. "Itunze wewe. Binti atanikumbusha kila siku mpaka niwe naona tarehe badala ya mpunga. Wewe nikumbushe mara moja tu, siku mbili kabla." Nikaifunga kwenye pindo la kanga.

Zamani tulikuwa tunavuka mto pale Kivukoni, tunangoja pantoni mpaka jua linapinda. Siku hizi kuna daraja. Bajaji ilitupeleka mpaka njia inapoishia, na pale tukamkuta yule mzee Msukuma na mkokoteni wa ng'ombe, ametandika nyasi ndani.

"Panda mama," akasema. "Hawa ni wajukuu wa yule mwizi wako."

Wiki ya kwanza alilala tu, juu ya mkeka chini ya dungu, kwa kuwa ngazi ilimshinda. Mimi nikaamia mashamba mawili, mpaka koo langu likawa kama gunia. Mzee alileta maziwa, nikayachemsha, yakapoa, akanywa. Wiki ya pili midomo ikafunga. Wiki ya tatu akapanda ngazi, na mpunga wa kona ya juu ukawa tayari kwa pepeta. Hiyo ni ya mpunga ambao haujakauka bado: unaukaanga, unautwanga ukiwa wa moto mpaka unakuwa bapa, unapepeta, unakula. Nilitwanga mwenyewe. Nikavuka mpaka wa mashamba, nikampelekea kwenye ungo. Akatia mdomoni, akatafuna polepole.

"Vipi?"

"Mpunga," akasema.

"Najua ni mpunga."

"Hujui, Jirani. Ni mpunga. Siyo misumari." Na akala ungo mzima, chumvi akaninyima.

Siku zile nazitaka. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Nina mashine, nina nyumba ya matofali, nina wajukuu wanaonipigia simu Jumapili, na ningeviacha vyote hivyo kwa saa kadhaa nisikie tena mtu upande wa kushoto akisema, "Jirani, umelala? Mbona ndege wako wanacheka?"

Tarehe ikakaribia. Nilikuwa naifungua kadi asubuhi, naisoma ile nyekundu, naifunga. Siku ya kumwambia ikafika. Sikumwambia. Nikasema, jioni. Jioni sikumwambia. Usiku huo binti akanipigia simu.

"Mama, mmejiandaa? Kesho kutwa ni kliniki."

Nikamwambia njia imejaa maji, mkokoteni haupiti, tungoje. Njia ilikuwa kavu mpaka imepasuka. Mimi, ninayemwambia kila mtu ukweli wake, nilimdanganya mtoto anayemlilia mama yake, kwa sababu nilitaka mtu wa kuongea naye.

Tarehe ikapita. Kila siku nikasema kesho. Siku ya tano nikamwona akishuka ngazi ameshika nyonga, anateremsha mguu mmoja, anapumzika, anateremsha mwingine. Nimesema kwenye dungu hamtazamani. Siku ile nilitazama. Alipofika chini alikaa na nguzo mgongoni, akafumba macho kwa muda mrefu.

Niseme kabisa kilichofuata baadaye, nisimzungushe msomaji. Alirudi kwenye dripu, akachomwa mbili, akikaa kwa mdogo wake Dar. Huko akafia, mwezi wa kumi. Ifakara alirudi kwenye jeneza. Binti alimuuliza daktari juu ya ile wiki, akajibiwa siyo iliyomuua. Binti kanisamehe, anakuja mashineni, ananiamkia. Mimi sina shule ya kumbishia daktari. Lakini wiki ile ni yangu, nalala nayo na kuamka nayo.

Siku ya saba baada ya tarehe, asubuhi, kwelea walikuja kama moshi wa mashamba ya miwa ya Kidatu. Nikavuta makopo, nikarusha udongo, nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika. Halafu nikaona kama sitasema kwa kelele ile ile, sitasema kabisa. Nikapaza sauti, macho kwenye mpunga:

"Jirani! Tarehe yako imepita! Wiki nzima!"

Ndege wanakula. Nikawaacha wale.

Ndipo ukaja. Ule ukelele, mrefu, kutoka chini tumboni, ukapanda, ukapanda, ukakatika. Ulikuwa mzima. Ndege wakainuka mashamba mawili kwa mpigo, na kivuli chao kikanipita usoni.

Nikashuka, nikavuka mpaka kwa kukimbia, umri wangu huu. Nikamkuta chini ya dungu, mkeka umekunjwa, na pembeni yake mzigo wake umefungwa kwa kanga.

"Umefunga lini huo mzigo?"

"Siku uliyomwambia mwanangu njia imejaa maji."

"Ulisikia?"

"Jirani, wewe kwenye simu na wewe kwenye ndege ni sauti moja. Hata ng'ombe wa Msukuma walisikia."

"Mbona hukusema?"

"Mbona wewe hukusema?"

Akaweka kiganja kwenye nyonga, akakaza meno, akapumua. "Kila asubuhi nafumbua macho nasema leo naondoka," akasema. "Halafu wanakuja ndege."

Nikafungua pindo la kanga nikampa kadi yake. Ilikuwa imelegea kwa jasho langu. Akaichukua bila kuisoma.

"Mwambie binti nilimdanganya," nikasema.

"Mwambie mwenyewe. Una mdomo."

Mzee akaja na mkokoteni. Tukampandisha, akalala kwenye nyasi na kopo la pepeta kifuani, la kumpelekea mwanawe. Ng'ombe wakaanza kwenda. Mimi nikasimama mpakani, mikono imening'inia, namtazama, kwa mara ya kwanza namtazama kweli: paji la uso pana, masikio madogo, nywele zimeanza kuota fupi chini ya kitambaa kama mche wa mpunga. Nilitaka niweke yote kichwani. Kutoka kwenye mkokoteni akainua shingo.

"Jirani! Unaniangalia mimi? Angalia ndege!"

Nikageuka. Kona ya chini walikuwa wameshuka kweli, wengi. Nikawapigia kelele mpaka wa mwisho akainuka. Nilipogeuza uso, mkokoteni ulikuwa umeshaingia kwenye matete.